Maji ya tangi yanafika nyuzi 31 mchana na kushuka usiku: nianzie wapi?

Msomaji mmoja ameniandikia: "Mtaalamu, habari za kazi. Nina tangi la kioo la lita 90. Ndani yake kuna samaki dhahabu wawili, neoni tetra wanane na beta mmoja. Siku hizi za joto maji yanafika nyuzi 31 alasiri, na alfajiri yanakuwa 26. Msimu wa baridi uliopita yalishuka hadi 19, neoni wakatokwa na vidoa vyeupe na kadhaa wakafa. Nimenunua hita ya wati 300 ili jambo lile lisijirudie, ila bado sijaiwasha. Muuzaji aliniambia niweke nyuzi 27 kwa samaki wote, na joto likizidi nitupie vipande vya barafu. Sasa samaki dhahabu wanakaa juu wakihema. Nianzie wapi?"

Ndugu msomaji, tuanze na hao wanaohema, maana wao hawawezi kungoja. Samaki anayekaa juu akifungua na kufunga mdomo pale maji yanapokutana na hewa anatafuta oksijeni. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Maji ya nyuzi 20 yakishiba oksijeni huwa na takriban miligramu 9 kwa lita. Ya nyuzi 25 huwa na 8.3 hivi, na yakifika 31 hubaki na 7.4 hivi. Kwa tarakimu hizo tu upungufu hauonekani mkubwa. Lakini samaki hana joto lake mwenyewe kama sisi. Mwili wake hufuata joto la maji, na maji yakipanda kwa nyuzi 10, shughuli za mwili wake huongezeka karibu mara mbili. Alasiri, basi, samaki wako anahitaji oksijeni nyingi kuliko wakati wowote, na ndipo maji yanapokuwa nayo kidogo kuliko wakati wowote. Bakteria wa kwenye chujio wanaitumia hiyohiyo, na uchafu unaooza chini ya changarawe vilevile. Samaki wengi wanaosemwa wameuawa na joto huwa wamekosa hewa kabla joto lenyewe halijawafikisha pabaya.

Kwa hiyo leo hii elekeza mdomo wa chujio juu, maji yanayotoka yavuruge uso wa tangi. Kama una pampu ya hewa, iache ikifanya kazi mchana na usiku. Usiku usiizime, kwa sababu gizani mimea ya majini haitoi oksijeni bali huitumia, na katika tangi lenye mimea mingi alfajiri ndiyo saa ngumu kuliko zote. Watu huamini kwamba viputo ndivyo vinavyoingiza hewa majini. Vinachangia, lakini kazi yake kubwa ni kupandisha maji ya chini na kuutikisa uso, kwani oksijeni nyingi huingilia pale juu. Tangi lenye uso uliotulia tuli halipumui vizuri hata chujio lake liwe kubwa namna gani.

Fungua kifuniko na utandaze wavu mahali pake, maana neoni na beta wanaruka. Punguza chakula hadi nusu mpaka joto lishuke. Hapa kuna jambo ambalo wafugaji wengi hawaelezwi: joto huongeza ukali wa amonia. Amonia inayotoka kwenye choo cha samaki na chakula kilichobaki huwa na sura mbili majini, moja ikiwa na sumu kali na nyingine ikiwa na nafuu. Kwenye maji yenye pH 8 (kipimo cha uchachu wa maji, 7 ikiwa katikati), sehemu yenye sumu kali huwa karibu asilimia 5 maji yakiwa nyuzi 25, lakini yakifika 30 hupanda hadi asilimia 7.5 hivi. Uchafu uleule uliovumilika wiki iliyopita, wiki hii unaweza kuunguza matamvua. Chakula kidogo, uchafu kidogo, amonia kidogo.

Hayo ni ya leo. Sasa tuje kwenye hiyo 27 ya samaki wote.

Hakuna joto moja linalowafaa hao wako wote, na naomba uniamini hapa kuliko penginepo. Samaki dhahabu ni wa maji baridi. Anastawi kati ya nyuzi 18 na 22. Neoni tetra asili yake ni vijito vya kivuli vya Amazon ya juu, na kwenye tangi anapenda 21 hadi 25, akivumilia 26 bila shida. Beta, ambaye asili yake ni maji ya kina kifupi ya Thailand na nchi jirani, anataka 25 hadi 28. Weka 27 kama ulivyoambiwa: beta atafurahi, neoni watakuwa juu ya kiwango chao kila siku ya maisha yao, na samaki dhahabu watakuwa nyuzi 5 juu ya kikomo chao. Hawatakufa kesho. Watakula sana, watachafua maji sana, watahema, watazeeka haraka, na siku pampu ikisimama wao ndio watakaotangulia. Weka 22 kwa ajili ya samaki dhahabu, na beta atalala chini akiwa amekunja mapezi, hataki hata kula. Nyuzi 25 zinawatosha neoni na beta pamoja. Samaki dhahabu hawana nafasi katika tangi hili, na hata joto lingekubali, lita 90 zingewabana, kwa sababu samaki hawa hukua hadi sentimita 15 na zaidi na huchafua maji kuliko samaki wadogo wote uliowataja wakijumlishwa. Watafutie bwawa lenye kina na kivuli, au mtu mwenye tangi kubwa ndani ya chumba chenye ubaridi.

Najua ni vigumu kuachana na samaki uliowazoea. Lakini hakuna kifaa kitakachokuokoa na uamuzi huo, kwa sababu joto la tangi huanzia kwenye chumba. Maji ya tangi lililokaa bila hita wala taa hufuata wastani wa chumba, yakiwa juu kidogo kama limefunikwa na chini kidogo kama liko wazi. Hita na feni vinaweza kuziba pengo dogo kati ya chumba na samaki. Pengo likiwa kubwa, kifaa kinafanya kazi mfululizo, na kifaa kinachofanya kazi mfululizo ndicho kinachoharibika. Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue hita gani, mimi humuuliza kwanza chumba chake kikoje msimu wa joto na msimu wa baridi. Chumba kikiwa cha 26 hadi 29 mwaka mzima, gapi, beta, samaki malaika na kadinali tetra wataishi bila kifaa chochote, na diskasi anayetaka 28 hadi 30 atahitaji msaada kidogo tu. Kadinali anafanana sana na neoni kwa sura, lakini yeye anakubali joto zaidi, kwa hiyo mtu wa chumba cha joto anayependa ule mstari wa buluu na nyekundu amchague yeye. Chumba kikiwa cha 18 hadi 22, hapo ndipo samaki dhahabu na danio wenye milia wanapong'aa.

Kabla hujagusa kitu kingine, pima. Chukua daftari, na kwa wiki moja andika joto la maji na la chumba mara tatu kwa siku: saa 12 asubuhi kabla taa hazijawashwa, saa 9 alasiri, na saa 4 usiku. Safu ya chumba ndiyo watu huisahau, nayo ndiyo inayofichua chanzo. Kama alasiri chumba kina 30 na maji yana 31, basi chumba ndicho kinachopasha tangi. Kama chumba kina 27 na maji yana 31, kuna kitu kwenye tangi lenyewe kinachoyapasha: jua linalopita dirishani na kuangukia kioo, taa iliyofungiwa chini ya kifuniko, au pampu kubwa inayotoa joto lake ndani ya maji. Taa za zamani za mrija zenye balasti (kifaa cha kudhibiti umeme wa taa) ndani ya kifuniko hupasha maji kuliko watu wanavyodhani. Gusa kifuniko kwa juu baada ya saa nne za taa. Kama kina joto la kuhisika kwa kiganja, sehemu ya joto hilo inashuka majini. Taa za LED zilizoinuliwa juu ya tangi humaliza tatizo hilo, na saa 8 za mwanga kwa siku zinatosha mimea mingi.

Hakikisha pia kipimajoto chenyewe hakikudanganyi. Ule ukanda wa kubandika nje ya kioo, unaobadilika rangi, husoma kioo na hewa ya chumba pamoja na maji, kwa hiyo unaweza kukosea kwa nyuzi 2 bila wewe kujua. Tumia kipimajoto kinachozama, cha kioo au cha kidijitali chenye waya. Kukihakiki ni rahisi: ponda barafu, ijaze kwenye bilauri, mimina maji baridi kidogo yajaze nafasi kati ya vipande, koroga, chomeka kipimajoto na usubiri dakika chache. Kinapaswa kusoma 0. Kikisoma 1.5, basi kila namba unayoiona kwenye tangi ipunguze 1.5. Kama mizani yake haifiki sifuri, viweke viwili au vitatu kwenye ndoo moja ya maji uone kipi kinapishana na wenzake. Na kamwe usipime kwa kuchovya mkono. Ngozi yako ina joto kuliko maji, kwa hiyo itakwambia baridi hata pale samaki anapoungua.

Sasa hita. Ya wati 300 kwenye lita 90 irudishe dukani, au muuzie mwenye tangi kubwa. Nitakuonyesha hesabu yake ili usidhani ninakutisha. Ukiondoa changarawe na mawe, tangi lako lina maji kama lita 80. Kupandisha lita 80 kwa nyuzi 1 kunahitaji nishati ya wati 300 kwa dakika 19 hivi, yaani hita hiyo ikiwaka bila kuzima inapandisha maji kwa karibu nyuzi 3 kila saa. Themostati, yaani kidhibiti joto, ya ndani ya hita nyingi ni kipande cha metali kinachojikunja na kujinyoosha, kikiunganisha na kutenganisha ncha mbili za umeme. Kila zinapogusana cheche huruka. Baada ya miaka ya kuwaka na kuzima, ncha hizo zinaweza kushikana zisiachane tena, na hita ikaendelea kuwaka. Likitokea usiku umelala, maji yaliyokuwa 25 saa 5 usiku yatakuwa yamepita 35 kabla hujaamka, na samaki wote watakuwa wamekufa.

Hita ya wati 50 ikishikana vivyo hivyo hupandisha maji yale yale kwa nusu nyuzi tu kwa saa, na kadiri maji yanavyozidi joto la chumba ndivyo yanavyolipoteza, hivyo mwendo hupungua. Asubuhi utakuta maji yamepanda, samaki wana taabu, lakini wako hai na una muda wa kuchomoa plagi. Hii ndiyo sababu kanuni ninayoishika ni wati 1 kwa lita kwa vyumba vya baridi, na nusu wati kwa lita kwa vyumba ambavyo haviko mbali na joto la samaki. Kwako, chumba kikishusha maji hadi 19 na samaki wanataka 25, unahitaji kuziba nyuzi 6. Nunua hita mbili za wati 50, uziweke kila moja upande wake. Mojawapo ikifa, nyingine itazuia maji yasiporomoke. Mojawapo ikishikana, peke yake haina nguvu ya kuua. Mwenye uwezo aongeze kidhibiti cha nje chenye kihisi chake, kinachokata umeme wa hita zote maji yakipita kiwango alichokiweka. Kwa tangi lenye samaki wa thamani nakiona ni cha lazima.

Hita mpya usiipeleke moja kwa moja kwenye tangi. Ijaribu kwanza kwenye ndoo ya maji iliyojaa, ukiwa na kipimajoto kando na pampu ndogo ya kuzungusha maji. Iweke 25 na uiangalie siku nzima: taa yake inazima maji yakifika kiwango? Inawaka tena yakishuka? Namba iliyoandikwa kwenye kitufe mara nyingi hupishana na ukweli kwa nyuzi 1 au 2, kwa hiyo fuata kipimajoto, na kitufe kirekebishe polepole mpaka maji yenyewe yasome 25. Ikishazoeleka, iweke karibu na mdomo wa chujio maji yapite juu yake. Hita iliyokaa kwenye kona isiyo na mkondo hupasha maji yaliyoizunguka, inadhani kazi imekwisha, inazima, huku upande wa pili samaki wanatetemeka. Aina nyingi za kuzama kabisa zinaweza kulazwa karibu na chini, na hiyo ni salama zaidi siku maji yanapopungua.

Kuhusu umeme nitakuwa mkali. Chomoa hita kabla hujaingiza mkono majini, na uiache ipoe dakika 15 kabla ya kupunguza maji. Hita ya kioo iliyo moto ikiachwa hewani, kisha ikaguswa na maji baridi, hupasuka, na hapo waya uko wazi ndani ya maji unayotaka kuyashika. Nyaya zote zishuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kwenda kwenye plagi, ili tone linalotiririka kwenye waya lidondokee sakafuni lisiingie kwenye umeme. Mwombe fundi akuwekee swichi ya kukata umeme unaovuja kwenye mstari wa soketi hiyo.

Na tuelewane kuhusu kazi yake: hita huzuia maji yasishuke, haiwezi kuzuia yasipande. Ukiiweka 25 na chumba kikawa na 30, yenyewe imezima na maji yanaenda 30. Kwa msimu huu wa joto, basi, hita haikusaidii lolote. Dawa yako iko kwenye feni.

Feni ndogo inayopuliza kwa mshazari juu ya uso wa maji, kifuniko kikiwa wazi, inashusha joto kwa kuyavukiza maji. Maji yanapogeuka mvuke hubeba joto jingi sana: lita 1 ikivuka kutoka kwenye tangi lako huondoka na joto ambalo lingeshusha lita 80 zilizobaki kwa nyuzi 7 hivi, kama chumba kisingekuwa kinalirudisha wakati huohuo. Kinalirudisha, ndiyo maana kwa kawaida unapata nafuu ya nyuzi 2 hadi 3, wakati mwingine 4. Hewa ikiwa kavu utapata zaidi. Hewa ikiwa imejaa unyevu utapata kidogo, kwa sababu mvuke hauna pa kwenda. Fungua madirisha hewa ya chumba ibadilike, la sivyo feni itazungusha unyevu uleule.

Gharama ya feni ni maji. Kila siku usawa utashuka, na kinachovuka ni maji matupu. Chumvi na madini yote yanabaki nyuma. Ukijazia kila siku kwa maji magumu yenye madini mengi, baada ya wiki kadhaa maji ya tangi yatakuwa magumu kuliko ulivyokusudia, na neoni wanapenda maji laini. Endelea kubadilisha sehemu ya maji kila wiki, usiridhike na kujazia tu. Chota maji ya tangi, uyamwage, ndipo ujaze mapya.

Beta wako naye anahitaji uangalizi hapo. Ana kiungo maalumu cha kuvuta hewa ya juu ya maji, na hupanda kuivuta mara kwa mara. Siku za joto hilo halina tatizo. Lakini msimu ukibadilika, ondoa feni na urudishe kifuniko, maana hewa baridi inayopuliza juu ya maji ya nyuzi 25 si nzuri kwake.

Vipande vya barafu alivyokushauri muuzaji sikubaliani navyo. Kilo 1 ya barafu inashusha lita 80 kwa nyuzi 1.3 hivi, ikimaliza kuyeyuka maji yanaanza kupanda tena, kwa hiyo unaliendesha joto juu na chini siku nzima. Neoni akipita karibu na kipande cha barafu anakutana na maji baridi kwa sekunde moja baada ya kutoka kwenye ya nyuzi 31. Na kama barafu imetengenezwa kwa maji ya bomba, umeongeza klorini bila kuikusudia. Barafu ina mahali pake pamoja tu: dharura, maji yamepita 32, na huna feni. Hapo gandisha maji kwenye chupa ya plastiki ya nusu lita yenye kizibo, isijazwe hadi juu, na uiache ielee karibu na mkondo wa chujio. Chupa moja itakupa nusu nyuzi na kidogo. Ngoja saa nzima kabla ya kuweka nyingine.

Kubadilisha maji kunashusha joto pia, na kwa mpangilio mzuri zaidi. Ukitoa lita 16 kati ya 80 zenye nyuzi 30 na kujaza zenye 25, mchanganyiko unakuwa 29. Umeshusha nyuzi 1, umeondoa amonia, umeingiza oksijeni. Maji hayo yatie dawa ya kuondoa klorini kwanza, uyapime, kisha uyamimine taratibu. Wakati wa baridi fanya kinyume: maji mapya yasiwe chini ya yale ya tangi kwa zaidi ya nyuzi 1 au 2. Hapo ndipo wengi wanapowaumiza samaki bila kujua. Ndoo ya maji ya bomba ya asubuhi ya baridi ikimwagwa kwa mkupuo inashusha tangi dogo nyuzi 3 ndani ya dakika moja.

Kuna tofauti kubwa kati ya kubadilika na kubadilika ghafla. Maji yanayopanda nyuzi 2 mchana na kushuka 2 usiku si hatari; hata mito na vidimbwi hufanya hivyo, na mashamba ya mpunga anakoishi beta hubadilika kuliko hapo. Lakini samaki waliotoka kwenye maji mengi, kama sikilidi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, hawakuzoea mabadiliko ya haraka kabisa, kwa kuwa ziwa kubwa namna ile halipandi wala kushuka nyuzi 5 kwa siku. Tangi lako linapiga nyuzi 5 kila siku. Lengo lako la kwanza liwe kulifikisha kwenye 2, hata kabla namba yenyewe haijawa 25. Kama unalazimika kupandisha au kushusha kwa makusudi, nenda nyuzi 1 hadi 2 kwa siku. Ishara za samaki aliyeshushwa haraka zinaonekana mapema: mapezi yamebanwa mwilini, amesimama mahali pamoja akitikisika bila kusonga mbele, chakula kinampita mbele ya macho.

Vile vidoa vyeupe vya msimu uliopita vinatokana na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Mara nyingi huingia na samaki mpya au mmea, kisha baridi ya ghafla hudhoofisha kinga ya samaki na kukifungulia njia. Kidoa unachokiona ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi, na dawa haikifikii kikiwa pale. Kikishiba hudondoka chini, hujigawa kuwa mamia, na hao wadogo wakiwa wanaogelea kutafuta samaki ndipo dawa inapowaua. Kwenye nyuzi 25 mzunguko wote huchukua takriban wiki moja. Kwenye maji baridi huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana tunapandisha joto pole pole hadi 28 wakati wa tiba, ili vimelea vitoke upesi na kukutana na dawa. Hewa iongezwe wakati wote huo. Usiache tiba siku vidoa vinapopotea machoni. Endelea siku zilizoandikwa kwenye dawa, maana wengine bado wako kwenye changarawe. Samaki mpya yeyote mtenge kwenye chombo chake kwa wiki 3 hadi 4 kabla ya kumchanganya na wengine. Na siku ya kumleta nyumbani, mfuko wake uelee juu ya maji ya tangi dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha ongeza maji ya tangi kidogo kidogo kwenye mfuko kabla ya kumtoa.

Mwisho kuna suala la umeme kukatika, ambalo hukuuliza ila litakukuta. Usiku wa baridi, funika tangi kwa blanketi pande zote nne na juu, ukiacha upenyo wa hewa. Maji hupoa taratibu. Lita 80 zilizofunikwa vizuri zinaweza kukaa saa kadhaa kabla ya kushuka kwa kiasi cha kukutia wasiwasi. Hewa ndiyo itakayoisha mapema, kwa hiyo pampu ndogo ya betri ina faida kuliko kifaa chochote cha kupasha joto. Usiwalishe mpaka umeme urudi. Kama chujio lako ni la nje, la kopo lililofungwa, na limesimama kwa saa nyingi, usiliwashe hivyo hivyo: maji yaliyokwama ndani yake yamekosa oksijeni na huenda yameanza kuoza. Lifungue, mwaga maji hayo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uliwashe. Kisha soma kipimajoto, washa hita moja tu kwanza, na uiwashe ya pili baada ya saa moja au mbili, ukishaona maji yanapanda taratibu.